Kifurushi cha Saa Njema

Tangu mume wangu afe, Tilrupa hajawahi kunywa hata tone la maji nyumbani kwangu. Nalisema hili mapema ili mjue nilivyoduwaa asubuhi ile nilipomwona anatoka uani kwake, anaruka mfereji, anakuja moja kwa moja barazani kwangu, kifurushi mkononi na mdomo ameubana kama aliyelamba ndimu.

"Himkala," akaniita. Mimi ni mke wa binamu mdogo wa marehemu mumewe, lakini yeye nimemzidi umri, lakini heshima aliiacha huko huko kwake. "Pandit amesema magharibi."

"Magharibi kuna nini?"

"Kuna nyumba yako tu," akasema. "Ingekuwepo nyingine ningekwenda hiyo nyingine."

Kwetu huku milima ya Palpa mtu hatoki ovyo kwenda nchi ya mbali. Pandit anamsomea nyota, anampa saa njema ya kuondoka. Shida ni kwamba nyota na ndege hazijuani. Saa njema inaweza kufika na viza bado iko Kathmandu. Basi tunafunga kifurushi: konzi ya mchele, popoo, kipande cha manjano, sarafu, na nguo moja ya msafiri. Saa ikifika kinatolewa nje, kinapelekwa kwa jirani aliye upande wa safari, na hapo safari imeshaanza. Msafiri akihangaika na makaratasi mjini, ahangaike tu, ila haingii tena ndani kwake mpaka amalize safari. Siku ya kuondoka anakuja kukabidhiwa kifurushi na mwenye nyumba aliyekitunza. Hakichukui mwenyewe rafuni, ni mwiko. Na asipokichukua kabla mwezi haujaandama, saa imekufa, hana safari.

Kifurushi kilikuwa cha Gokarna, mwana wa pekee wa Tilrupa. Alishakwenda Malesia huyu. Viza ilimjia mbio mbio, akaondoka bila saa njema, na akarudi kabla ya wakati wake, eti kiwanda kimefungwa. Nyumba aliyoanza kuijenga iko pale, chini ina kuta, juu nondo tupu zinaangalia mawingu. Tilrupa alikula kiapo kwamba safari hii ya Uarabuni mwanawe hatatoka kama mbuzi aliyekata kamba.

"Kiweke mahali pakavu," akaniamuru. "Usikishikeshike. Na usikiweke karibu na zile dawa zako."

"Nitakiweka kwenye rafu ya miungu, Mama Gokarna. Au na miungu yangu nayo ina Bombay?"

Alikiweka kizingitini, akarudi kwake huku anafuta mikono kwenye sari. Nilicheka peke yangu, lakini iliniuma, nisiwafiche.

Bombay ndilo jina la ugonjwa wangu huku. Mume wangu alikwenda Bombay kulinda lango la tajiri, akarudi na kikohozi, akafa. Mimi nikapimwa nikaambiwa nina virusi vya UKIMWI. Mganga wa zahanati alimnong'oneza mkewe, mkewe akanong'oneza mlima mzima. Nikafukuzwa bombani, nikawa nateka maji kijitoni pamoja na nyati. Halafu dawa zikaja. Nikanenepa, mashavu yakarudi, nikafungua kibanda cha chai hapa hapa nyumbani kwangu, barabarani mabasi yanaposimama. Abiria mwenye kiu haulizi ukoo wa kikombe. Walianza abiria, kijiji kikafuata, akabaki Tilrupa. Kila siku saa moja asubuhi, redio ikianza habari, nameza kidonge changu mbele ya wateja wote, na anayetaka kutazama atazame.

Gokarna akaenda Kathmandu kupimwa afya. Siku zikapita. Tilrupa akawa anatangaza safari kila mahali, bombani, kinuni, hadi kwa watu wa bonde la pili. Mkewe kijana, Manisara, alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kusukuma mshipi wa kiunoni, na bado alikuwa akibeba majani ya nyati mgongoni. Alikuwa akipita kwangu ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, kifurushi kipo?" Namwambia kipo, kimenona. Anacheka.

Alasiri moja basi likamshusha Gokarna. Hakuangalia kwake. Alikuja akaketi benchi la nyuma, akaagiza chai, akaiacha ikapoa mpaka ikaota ngozi. Nilidhani ni uchovu. Wateja walipoondoka nikawa naosha vikombe, ndipo akaniuliza:

"Mama mdogo, hivi dawa zako, mtu anaweza kula nusu?"

"Nusu ya nini?"

"Nusu kidonge. Ili zidumu."

Nikaacha kuosha. "Nani anataka kula nusu?"

"Rafiki yangu mmoja tu."

"Huyo rafiki yako mmoja mbona amevaa shati lako?"

Alijaribu kucheka, kicheko kikamgeuka katikati. Jitu zima lile, mabega kama mlango, likajifunika uso kwa mikono na kulia mbele ya beseni langu la vikombe. Nilienda kufunga nusu ya mlango. Nilijua tayari. Jamani, mtu aliyewahi kuambiwa neno lile anamjua mwenzake kwa anavyokaa.

"Daktari alinong'ona," alisema alipoweza. "Ana adabu yule, sina neno naye. Lakini pale kuna mlango wa wanaofaa na mlango wa wasiofaa, mama mdogo. Foleni nzima inaona umetokea upi. Mimi! Mimi niliyekuwa nabeba saruji mfuko huku na mfuko huku mpaka ghorofani, hafai! Wakati wa sikukuu ya Dashain hata mbuzi tunampapasa mgongo mzima ndiyo tuseme anafaa. Mimi wamenivuta damu ya kijiko tu, wakamaliza."

"Na Malesia?"

Akaangalia miguu yake.

"Gokarna. Nimekuuliza Malesia."

"Neno lilikuwa hilo hilo. Sifai. Sababu hawakuniambia, nami sikuuliza. Walikuja wakanitoa kwenye mashine na viatu vya kazini, wakanifungia chumbani na Wabangladeshi wawili, kisha ndege. Sanduku langu liko huko mpaka leo."

"Wewe ukatuambia kiwanda kimefungwa."

"Si kwangu kilifungwa?"

Nikamwekea ugali wa ulezi na mchuzi wa majani makavu, akala, maana njaa haina aibu naye alikuwa ametoka Kathmandu tangu alfajiri. Huku anakula akanieleza mpango wake, na kila tonge nikawa naona mambo yanazidi kuharibika. Kule Butwal, mji wa chini tambarare, kuna dalali. Dalali ana mtu wake mwenye damu safi, anatoa damu kwa jina la mtu mwingine, cheti kinatoka "anafaa". Kesho mchana Gokarna akutane naye Butwal, keshokutwa apande ndege. Dawa alitaka nimgawie zangu. Angezifunga kwenye plastiki na kuzizamisha ndani ya kopo la achari ya figili ambalo mama yake ameshaliandaa.

"Nani atatia mkono kwenye achari ya figili?" akaniuliza, na nadhani alikuwa anajiona mjanja.

"Wewe mtoto, una akili au una figili kichwani?" nikamfokea. "Unafikiri dawa ni karanga, nikugawie konzi? Nazipewa kwa mpango, zikikaribia kwisha narudi, wananipima, wananipa nyingine. Nikikupa zangu nakufa mimi, na wewe ukila nusu nusu, virusi vinakuzoea tu. Zikiisha?"

"Nitajua huko huko."

"Huko huko wapi? Ukifika Uarabuni wanakupima tena! Damu ya kukodi umeiacha Butwal, utawapa ipi? Kuna kijana wa Ramdi tunakaa naye foleni moja ya dawa. Alifanya huo huo ujanja. Walimpima huko, wakamfungia, dawa hawakumpa. Aliporudi mama yake alimpita pale uwanja wa ndege, hakumjua. Amerudi na ndala za jela, Gokarna, ndala za jela!"

Alisukuma sahani. "Basi nifanyeje? Nikibaki wataniuliza kwa nini. Hebu niambie, mlima huu mwanaume aliyebaki ni nani? Mzee, kiwete na mgonjwa. Mimi si mzee wala si kiwete. Watajumlisha wenyewe. Wewe ulifukuzwa bombani, mama mdogo, nilikuwepo, nilikuwa mtoto lakini niliona. Mama yangu ndiye aliyekunyang'anya mtungi akautupa."

Hilo lilinikata. Kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu sheria hizi zao, za nchi hizo wanazojenga vijana wetu kwa mikono yao, siwezi kuzitetea hata kwa dakika moja. Mtu akimeza dawa yake anaishi, anafanya kazi, haambukizi mtu, hospitali wananiambia hivyo kila nikienda. Mimi nimebeba kuni kwa miaka yote hii nikiwa "sifai". Lakini mlango umefungwa, na mimi si mwenye ufunguo. Nilikuwa na jambo jingine la kumuuliza, nikamuuliza.

"Manisara anajua?"

Akaivuta tena ile sahani aliyoisukuma.

"Nakuuliza, mkeo anajua?"

"Nitamtumia pesa," akasema. "Nitampigia simu nikishafika, nitamwambia taratibu."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilimchapa kwa kitambaa cha vikombe, kibichi vile vile, shavuni na begani. "Taratibu! Tumbo la mwenzio linakwenda taratibu? Mtoto yule anaweza kuzaliwa mzima kabisa, unasikia? Mzima! Mama yake akipimwa sasa, kama ana virusi, akianza dawa sasa. Foleni yetu imejaa watoto wazima wa kina mama kama mimi. Ukiondoka kesho na mdomo umeufunga, atazaa hapa na mkunga na mafuta ya haradali, atamnyonyesha, na wewe utakuwa umelala chumba cha kufungiwa watu huko Uarabuni!"

"Usimwambie, mama mdogo." Alinishika miguu. "Nakuomba. Usimwambie."

Na hapa ndipo penye shida yangu. Mimi siri ya mtu sitangazi. Yangu ilitangazwa, nikaona ilivyonifanya. Nilijiapiza kwamba mdomo wangu hautamfanyia hivyo binadamu mwingine, hata awe mpumbavu kiasi gani. Nikasimama pale na kitambaa mkononi, namtazama mtoto niliyemfuta makamasi. Kisha macho yangu yakapanda kwenye rafu.

"Sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe. Kifurushi chako kiko kwangu, na mimi ndiye wa kukukabidhi. Namwachia Manisara kazi hiyo. Atakukabidhi yeye, hapa jikoni kwangu, ukishamwambia. Usipomwambia, kifurushi hakitoki."

"Mwezi unaandama keshokutwa!"

"Basi fanya haraka."

"Mama hatanikubalia niondoke bila kifurushi. Unajua hatakubali. Hata mimi mwenyewe, baada ya Malesia, siwezi..." Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Unaniua, mama mdogo."

"Mimi? Mimi nauza chai."

Jioni Manisara alimletea chakula barazani, kwa vile kwake haruhusiwi kuingia. Niliwaacha wakae. Nilisikia Manisara anamweleza habari za nyati aliyeugua kwato, anamweleza mtoto anavyopiga teke akisikia redio yangu. Gokarna aliitikia "mm", "mm". Hakusema. Alilala barazani kwangu na nadhani hakulala, maana nami sikulala, na kila nikigeuka namsikia naye anageuka.

Asubuhi ukungu ulikuwa bondeni na kulishakucha kabisa Manisara alipokuja na kopo la achari, limefungwa kitambaa chekundu. Amevaa sari yake nzuri ya kumuaga mume. Tilrupa tulikuwa tunamsikia uani kwake anasugua mtungi wa shaba, maana msafiri lazima atoke akiuona mtungi umejaa maji.

Redio ikaanza habari. Nikachukua kidonge changu, nikameza.

"Ni kichungu, mama mdogo?" Manisara akaniuliza. Hakuwahi kuniuliza kabla. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza hali.

"Si kichungu, mwanangu. Nimeshakizoea."

Gokarna alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Na mimi natakiwa kunywa hicho."

Manisara alimgeukia akitabasamu, akidhani ni utani. Tabasamu likakaa kidogo halina pa kwenda. Redio ilikuwa inasema habari za mvua. Nikaizima.

"Kathmandu walinipima," akasema Gokarna. "Nina Bombay, Manisara."

Manisara alilishika kopo la achari kwa mikono miwili, kifuani. "Ulijua lini?"

"Juzi."

"Gokarna."

"Juzi ndiyo wameniambia."

"Sikuulizi walikuambia lini. Nakuuliza ulijua lini."

Akajifuta pua kwa mkono. "Malesia walisema sifai. Nilihisi. Sikutaka kujua."

Nilimwona anarudi nyuma akilini: siku aliyorudi, shangwe ya kurudi, usiku wao, kisha tumbo. Mkono mmoja ukaachia kopo ukashuka tumboni, ukakaa pale.

"Na leo ulikuwa unaondoka," akasema.

"Ningekutumia pesa."

"Ungenitumia pesa." Alilirudia lile neno polepole. "Nami ningekaa hapa nikisubiri simu, nikimnyonyesha mtoto wako, nikiwaambia watu baba yake yuko Uarabuni. Ungenitumia pesa!" Na hapo sauti ikamkatika, akaketi chini kwenye kigoda changu, na kopo la achari likabingirika mpaka chini ya meza. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanamwagika tu kwenye ile sari nzuri. Gokarna alipiga magoti akataka kumshika, akamsukuma. Akajaribu tena, akamsukuma tena, mara ya tatu akamwacha amshike kiganja. Mimi nililia wazi wazi, sioni haya kusema. Nilikuwa nakumbuka mimi sikuambiwa na mtu. Mume wangu alikufa amefumba mdomo.

Simu ya Gokarna ikalia mfukoni. Dalali. Ikalia mpaka ikachoka.

Manisara alijifuta uso. "Mama mdogo, hospitali wanapima watu leo?"

"Wanapima. Basi la kupanda mjini kwetu, penye hospitali, halijapita bado. Nenda dirisha la mwisho, muulize muuguzi mnene, mwambie umetumwa na Himkala wa chai. Hana maneno mengi na hana mdomo."

"Mama mkwe hataniruhusu. Mjamzito atatokaje tu hivi hivi, siku ya leo, bila kutazamiwa saa?" Yote hayo ameyasikia, na bado hofu yake ilikuwa ni hiyo. Sikumcheka. Hata mimi ningeogopa. Sisi ndivyo tulivyo.

Nikanyanyua mikono nikakishusha kifurushi kutoka kwenye rafu ya miungu. Kilikuwa kinanuka manjano na ubani. Nikamwekea mapajani.

"Saa unayo. Hiki kimetoka nyumbani kwenu siku njema, mchele ni wenu, shati ni la mumeo. Pandit alisema safari ianzie magharibi, basi imeanzia kwangu. Itakapoishia ni shauri lenu."

Alikitazama. Kisha akasimama, akakisukumia ndani ya mshipi wa kiunoni, juu ya tumbo, akajitanda shali. "Mimi naenda," akamwambia mumewe. "Kifurushi ninacho mimi. Wewe jitazame." Akatoka.

Gokarna alibaki jikoni anahema. Nilimwambia, "Nimeshasema yangu yote." Akachukua mkoba wake, akatoka naye.

Tilrupa alikuwa amesimama ukingoni mwa ua, mtungi wa maji umejaa kiunoni, shada la maua ya manjano begani. Alivyowaona wameongozana akadhani mke anamsindikiza mume barabarani kupanda basi la Butwal. Alimwita Gokarna hapo ukingoni, akamvika shada, akambandika mchele mwekundu kwenye paji la uso huku anacheka. "Nenda, mwanangu. Safari hii umetoka vizuri. Usigeuke nyuma." Gokarna aliinama akamgusa miguu, na hakuinuka upesi.

Basi la kushuka lilikuja kwanza. Tulilisikia linapiga honi kwenye kona kabla hatujaliona. Utingo ananing'inia, anapiga bati kwa kiganja, "Butwal, Butwal, Butwal!" Simu ikaanza tena mfukoni mwa Gokarna. Mkono wake ulipanda, haki ya Mungu niliuona, ukapanda kulisimamisha basi, na basi likasimama. Mimi niko mlangoni na birika la maziwa. Manisara alikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa kupanda, ametugeuzia mgongo, anatazama milimani. Hakumwita. Alikuwa amekishika kifurushi chini ya shali.

"Unapanda au hupandi, bwana harusi?" utingo akamuuliza, kwa ajili ya yale maua.

Gokarna aliitoa simu, akaitazama, ikaendelea kulia mkononi. Utingo akatukana, akapiga bati, basi likaondoka na moshi wake. Moshi ulipotoweka nilimwona bado amesimama pale pale, na nilijikuta nimemwaga maziwa yote.

Basi la kupanda likafika. Manisara akapanda bila kumtazama. Gokarna akavuka barabara mbio, akadaka chuma cha mlangoni basi limeshaanza kutembea, akaning'inia, shada linapepea ubavuni.

Nilimwona Tilrupa mdomo unamfunguka apige kelele, "Siyo hilo!" Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini msafiri aliyeshapiga hatua haitwi kwa nyuma, ukimwita umemuua, na hakuna anayelijua hilo kumzidi Tilrupa. Akajijaza pindo la sari mdomoni, akaling'ata, na akalitazama basi likikata kona ya mjini na kupotea.

Kisha akaja kwangu. Aliruka mfereji na mtungi wake, maji yakimwagikia miguuni.

"Hilo ni basi la mjini," akasema.

"Ndiyo."

"Uwanja wa ndege si mjini. Ameambiwa ashuke Butwal."

"Ndiyo, Mama Gokarna."

"Sasa wanarudi lini?"

"Jioni, wakiwahi basi."

"Jioni?" Akanitolea macho. "Kwani siku hizi Uarabuni mtu anakwenda asubuhi anarudi jioni?"

Siri si yangu. Nilichukua kitambaa nikawa nafuta maziwa kizingitini, nafuta mahali pale pale. Alinitazama mkono. Akaitazama rafu, mahali palipokuwa na kifurushi, na kando yake kile kikopo changu cha dawa ambacho kila mtu mlimani anakijua. Akatazama kona ile ambako basi lilikwenda, barabara ile ile ninayopanda mimi kila nikifuata dawa. Nyumba kwa nyumba nilisengenywa kila nilipopanda basi lile, na yeye ndiye aliyekuwa msengenyaji mkubwa.

Niliona limemfika. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Mtungi aliuteremsha chini, akatafuta pa kushikilia, akashika benchi langu, akaketi. Miaka yote hii hakuwahi kuketi pale. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, nawaambia kweli, nilikuwa nayo mazuri, makali, nimeyanoa kijitoni nikiteka maji na nyati. Nikayatafuta nikakosa hata moja.

Mteja mmoja alichungulia, nikamwashiria aende zake.

"Manisara pia?" akauliza, sauti imebaki pumzi.

"Ndiyo wamekwenda kujua."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Mikono yake, ile iliyoninyang'anya mtungi ikautupa, ilikuwa imelala mapajani kama si yake.

"Dada," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wewe zako unakunywa saa ngapi?"

"Saa moja. Redio ikianza habari."

"Yetu ni mbovu," akasema, machozi yakaanza kumteremka. "Tangu arudi anasema atanunua nyingine."

"Nitaongeza sauti ya hii," nikamwambia. "Mtasikia kutoka huko huko."